Mtandao Ukikwama, Je, Pesa Zimeibwa?



Mwisho wa Julai 2023 huduma za serikali za eCitizen zilikwama. Waziri Eliud Owalo alikubali kwamba mtandao ulishambuliwa, lakini akasema hakuna habari zilizopotea. Wengi waliuliza: kama hakuna kilichoibwa, mbona hatuhudumiwi?

Kuna adui ambaye haji kuiba, anakuja kuziba mlango. eCitizen ilitumiwa maombi ya uongo mengi mno kwa wakati mmoja, hata ya kweli yakakosa nafasi.

Njia ya pili haihitaji umati. OpenSSL ni programu ya bure ambayo kompyuta nyingi duniani huitumia kuficha habari zinapopita mtandaoni. Kompyuta hujitambulisha kwa cheti, kama sisi na kipande. Machi 2022 ilitangazwa kwamba Tavis Ormandy wa Google amegundua kasoro: cheti kilichotengenezwa kwa ujanja kiliifanya programu itafute kipeuo cha pili kwa hesabu isiyo na mwisho. Ikawa inazunguka tu. Tena ilianza hesabu hiyo kabla ya kuuliza kama cheti chenyewe ni halali!

Sasa fikiria kituo cha kununulia majani ya chai. Mtu mmoja anampa karani hesabu isiyoisha. Karani ni mtiifu, haachi. Nyuma yake akina mama wamepanga laini na vikapu, jua linawaka, majani yananyauka, na lori haliwezi kungoja. Hakuna hata kilo moja imeibwa, lakini siku imeharibika.

Marekebisho yalitolewa tarehe 15 Machi 2022. Lakini si ati yanajiweka yenyewe kila mahali. Mwenye kompyuta asipoyaweka, anabaki na ugonjwa ambao dawa yake iko.

Basi kikundi kifanye nini? Mweka hazina asingoje siku ya mwisho kulipa mkopo kwa simu. Kila mchango uandikwe kwa kalamu kitabuni siku hiyo hiyo, na katibu aone. Simu ikikataa katikati ya malipo, angalieni salio kwanza kabla ya kutuma tena, msije mkalipa mara mbili. Na mtu akipiga simu wakati huo akisema anataka namba ya siri ndio awafungulie akaunti, kateni simu. Huyo sasa ndiye mwizi.