Rada na Uso wa Asteroidi (2): Mwangwi Unavyosomwa

Katika makala iliyopita tuliona asteroidi zinazopita karibu na dunia zinavyogunduliwa. Leo tuulizane jambo gumu zaidi. Hata kwenye darubini kubwa, nyingi huonekana kama nukta tu. Uso wake hujulikanaje?

Hapo ndipo rada inapotumika: antena hurusha mawimbi ya redio, kisha mwangwi husubiriwa. Sehemu iliyo karibu hurudisha mwangwi mapema kuliko iliyo mbali. Na kwa kuwa jiwe linazunguka, upande unaotujia hupandisha masafa ya mawimbi na upande unaotukimbia huyashusha. Vipimo hivyo viwili vikioanishwa, umbo hujitokeza.

Kuhusu uso wenyewe, kuna mbinu nzuri sana. Mawimbi hutumwa yakijizungusha upande mmoja, tuseme kulia. Yakigonga mahali laini na kurudi moja kwa moja, hurudi yakizunguka kushoto. Yakidundadunda katikati ya mawe, baadhi hurudi yakizunguka kulia vilevile. Kadiri hayo yanavyozidi, ndivyo uso unavyohesabiwa kuwa na mawemawe, hasa ya ukubwa unaokaribiana na urefu wa wimbi. Kwa rada ya Arecibo, Puerto Rico, urefu huo ulikuwa sentimita 12.6.

Asteroidi Bennu, yenye upana wa takriban nusu kilomita, ilipimwa kutoka Arecibo na Goldstone, California, tangu 1999. Rada ilionyesha umbo la pia, na chombo cha angani OSIRIS-REx, kilichotumwa kuchukua sampuli, kilipofika Desemba 2018 kilikuta umbo lilelile. Uso ndio uliowashangaza wataalamu. Mwangwi, pamoja na vipimo vya joto, ulikuwa umewafanya watarajie changarawe laini. Wakakuta mawe makubwa kila upande. Mahali pa kuchukulia sampuli palipangwa pawe na upana wa mita 50, wakalazimika kuridhika na kipande cha mita 16 hivi.

Kwa maoni yangu, rada iaminiwe sana katika umbo na mwendo, lakini hali ya uso isiamuliwe kwa uwiano wa mwangwi wa kulia na wa kushoto peke yake. Vipimo zaidi vinahitajika, na Arecibo ilipoporomoka Desemba 1, 2020, mzigo mkubwa ulibaki kwa Goldstone. Mataifa yenye uwezo yajenge rada nyingine.

Toleo lijalo tutaitazama asteroidi Apophis, itakayopita kilomita 32,000 hivi kutoka uso wa dunia usiku wa kuamkia Aprili 14, 2029 kwa saa zetu, na itaonekana kwa macho matupu kutoka Afrika.