Kagua jina la mtoto kabla rekodi haijafungwa

Mtoto anapozaliwa katika Hospitali ya Kapkatet, habari zake huandikwa kwenye fomu: jina, jinsia, tarehe na mahali alipozaliwa, na majina ya wazazi. Wakati huo kosa la tahajia hurekebishwa papo hapo. Baada ya kuzaliwa kwake kusajiliwa, rekodi hufungwa, na kubadilisha hata herufi moja huhitaji ombi rasmi, ithibati na ada.

Rekodi hupitia wapi?

Hatua ya kwanza ni taarifa. Hospitali hujaza fomu ya B1 na kumpa mzazi kipande chake. Kwa mtoto aliyezaliwa nyumbani, kazi hiyo hufanywa na naibu wa chifu. Hatua ya pili ni usajili: msajili wa vizazi na vifo hukagua fomu na kuiingiza katika daftari la serikali. Hatua ya tatu ni cheti, ambacho mzazi huomba kupitia eCitizen.

Hospitali iko chini ya kaunti, lakini usajili wa vizazi ni jukumu la serikali ya kitaifa. Ndiyo maana muuguzi aliyejaza fomu hawezi kuirekebisha ikishasajiliwa, hata kama anamkumbuka mama na mtoto vizuri.

Kwa nini ifungwe?

Katika mfumo wa kompyuta, kila rekodi huwa na hali yake. Ikiwa bado "inasubiri", karani mwenye idhini anaweza kuirekebisha. Hali ikibadilika na kuwa "imesajiliwa", programu yenyewe huzuia mabadiliko. Haingoji karani akumbuke kufunga.

Kufuli hiyo humlinda mtoto. Kama rekodi ingebaki wazi, yeyote mwenye nywila angeweza kumpunguzia kijana miaka ili acheze katika timu ya vijana, au kuondoa jina la mzazi wakati familia inazozania urithi wa shamba la majani chai. Cheti kilicho nyumbani nacho kingesema jambo moja, na daftari la serikali lingine.

Kufungwa si kusema kosa haliwezi kurekebishwa. Msajili ana mamlaka ya kusahihisha, na mfumo mzuri huhifadhi maandishi ya awali, jina la aliyebadilisha na tarehe.

Majina yetu yanahitaji uangalifu

Kwa jicho la mtu, Kiplangat na Kiplang'at ni jina moja. Kwa kompyuta ni mawili, kwa sababu ya ile alama ndogo iliyo pia katika neno ng'ombe. Ni hivyo hivyo kwa Chepkemoi na Chepkemoy. Tofauti hiyo huenda isionekane hadi shule itakapotaka cheti cha kuzaliwa, au kijana atakapoomba kitambulisho na kukuta jina lake halilingani na la cheti cha mtihani.

Jambo lingine ni kwamba familia nyingi za Wakipsigis hungoja wazee wampe mtoto jina. Mama akiulizwa jina kabla ya hapo, hutaja lolote ili aruhusiwe kwenda nyumbani. Sheria inaruhusu mzazi kuandikisha jina jipya au lililobadilishwa ndani ya miaka 2 baada ya usajili, kwa kulipa ada. Hata hivyo, ni rahisi zaidi familia ikiafikiana mapema.

Mzazi afanye nini?

• Aende hospitalini na kitambulisho, chake na cha mzazi mwenzake, ili majina yanakiliwe kutoka hapo badala ya kuandikwa kwa kusikia.
• Aombe kusoma fomu kabla ya kuondoka, herufi kwa herufi. Asiyejua kusoma amwombe jamaa amsomee.
• Akague tarehe ya kuzaliwa na jinsia, si jina pekee.
• Ahifadhi kipande cha fomu mahali pakavu. Kitahitajika wakati wa kuomba cheti.
• Ahakikishe kuzaliwa kumesajiliwa ndani ya miezi 6. Baada ya hapo, usajili huhitaji idhini ya Msajili Mkuu.

Anayegundua kosa baada ya rekodi kufungwa aende mapema katika ofisi ya usajili wa raia, akibeba cheti, kitambulisho na hati zinazoonyesha maandishi sahihi. Ni vyema kufanya hivyo mtoto angali mdogo, kabla kosa halijanakiliwa katika hati za shule na mitihani.