Askari Mbele ya Mizani ya Uwanja wa Ndege

Ndugu askari, nidhamu yetu hupimwa hata mahali pasipo na kamanda wala gwaride. Mahali pamojawapo ni uwanja wa ndege, mizigo inapopimwa.

Mwezi Juni 2011, askari wa Marekani waliokuwa wakirejea kutoka Afghanistan walitozwa na shirika la Delta dola 2,800 hivi kwa mabegi ya nne, ilhali kanuni iliwaruhusu matatu. Walilipa, wakapanda ndege, kisha sajini wawili wakatoa malalamiko yao hadharani kwa picha za video. Muda si muda shirika likabadili kanuni, askari wakaruhusiwa mabegi manne bila malipo.

Tarehe 26 Julai 2025, huko Srinagar, India, mambo yalikuwa mengine. Ofisa wa jeshi alikuwa na mizigo ya mkononi ya kilo 16, badala ya kilo 7 zilizoruhusiwa. Alipotakiwa kulipia ziada, ugomvi ukazuka. Shirika la SpiceJet lilieleza kwamba aliwapiga watumishi wanne, mmoja akavunjika mfupa wa uti wa mgongo. Shauri likafika polisi.

Mtumishi wa langoni hakuyapanga malipo yale. Kama mlinzi wa lango la kambi, anatekeleza amri aliyopewa. Basi pima mzigo wako kabla ya safari. Ukiona umeonewa, dai stakabadhi, umwone mkuu wake, uandike malalamiko. Wahenga walikwisha kutuusia: hasira hasara.