Moyo Nje ya Mwili: Damu Inapopimwa kwa Kikombe

Msomaji mmoja ameuliza: mashine ya MRI inaposema kwamba msuli wa moyo unapata takriban mililita 1 ya damu kwa kila gramu kwa kila dakika, nani aliyeihakiki mashine hiyo? Hakuna daktari anayeweza kukinga damu inayotoka kwenye msuli wa moyo wa mgonjwa, akaitia kwenye chombo cha kupimia, kisha akalinganisha. Jibu langu ni kwamba namba hiyo inaaminika kwa sababu kuna mahali moyo ulitolewa mwilini, ukatunzwa ukiwa hai, na damu yake ikakingwa kweli. Tena ninachozungumzia si kasi ya damu kwenye mshipa mkubwa, bali ni kiasi kinachoifikia kila gramu ya nyama. Nitakiita unyweshaji wa tishu, maana neno “mtiririko” peke yake halituambii ni gramu ngapi zilizonyweshwa.

Njia ya kuuweka moyo hai nje ya mwili ilielezwa mwaka 1895 na Oscar Langendorff, mwanafiziolojia wa Rostock, Ujerumani, na kila ninapoifikiria naona uzuri wake upya. Mrija hufungwa ndani ya aota, ule mshipa mkuu unaotoka moyoni, kisha kimiminika chenye joto na oksijeni husukumwa kinyumenyume kuuelekea moyo. Shinikizo hilo huifunga vali ya aota, kwa hiyo kimiminika hakiwezi kuingia kwenye chumba cha kushoto. Njia iliyobaki ni vile vitundu viwili vilivyo juu kidogo tu ya vali, ambavyo ni midomo ya mishipa ya korona inayoulisha msuli wenyewe. Kikiingia humo hupita kwenye kapilari, hukusanyika kwenye vena za moyo, humwagika katika upande wa kulia na kutoka nje. Moyo unaendelea kupiga bila mwili, naye mtafiti anakinga matone kwa kikombe huku akitazama saa. Mililita kwa dakika, gawanya kwa uzito wa moyo, hesabu imekwisha.

MRI haina kikombe. Inachofanya ni kufuatilia dawa ya kuonyeshea iliyodungwa kwenye mshipa, ikipanda na kushuka ndani ya tishu, halafu inaigeuza picha hiyo kuwa mtiririko. Chukua soko lenye geti moja la kuingilia na jingine la kutokea. Kama ndani huwa na watu 600 na kwa wastani kila mmoja hukaa dakika 20, basi watu 30 wanapita kila dakika, hata kama hukumhesabu hata mmoja getini. Ili kuujua muda huo wa wastani, wavishe kofia nyekundu watu kadhaa wanaoingia kwa mkupuo, kisha usimame kwenye geti la kutokea. Wenye haraka watatoka mapema, wengi watafuata, na wale waliokwama kwenye vibanda wakibishania bei watachelewa na kuurefusha mkia wa hesabu. Damu hutii kanuni hiyohiyo: gawanya ujazo wa damu iliyomo kwenye kiungo kwa muda wa wastani wa kupita, utapata mtiririko. Lakini mwilini mambo huchafuka. Wenye kofia wakishatoka huzunguka na kuingia tena kwa geti la mbele, na wengine huzivua kofia na kuziacha kwenye vibanda, kama dawa inavyovuja kutoka kwenye kapilari. Kwenye kiungo kilichotengwa, damu iliyotoka inaweza kuachwa iende zake isirudi. Muhimu zaidi, mtafiti anakuwa na majibu mawili yasiyotegemeana, la kofia na la kikombe, na yakitofautiana anajua ni lipi la kusahihisha. Ndiyo maana mwaka 2010 watafiti wa King's College London walichapisha mfumo wa moyo wa nguruwe unaopiga nje ya mwili, ukinyweshwa damu, ndani ya mashine ya MRI.

Kuna watakaosema moyo uliokatwa neva na kutengwa na homoni si moyo tena. Ni kweli kwamba hubadilika: moyo wa panya wa maabara unaonyweshwa maji ya chumvi mara nyingi hupitisha mililita 8 hadi 15 kwa gramu kwa dakika, kwa kuwa maji hubeba oksijeni kidogo na mishipa hupanuka kufidia. Pia huvimba kadiri saa zinavyopita. Lakini pingamizi hili lina nguvu kwa anayetaka kujua moyo hufanya nini kifuani. Anayehakiki kipimo hahitaji mtiririko uwe wa kawaida, anahitaji ujulikane. Kwake ni faida kwamba anaweza kuipunguza pampu hadi nusu, au kuifungua zaidi, na kuona kama MRI itafuata.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kikombe hutoa jumla tu, ilhali mgonjwa aliyezibwa mshipa mmoja ana kipande kimoja chenye njaa na vingine vilivyoshiba. Hapa huingia vitufe vidogo, vyenye upana wa takriban maikromita 15, vinavyotiwa rangi au alama nyingine na kuchanganywa na damu inayoingia. Ni vikubwa kuliko kapilari, kwa hiyo hunasa palepale damu ilipovipeleka, vingi penye damu nyingi na vichache penye uhaba. Baadaye moyo hukatwa vipande, na vitufe vya kila kipande huhesabiwa. Mgawo wa kila kipande ukizidishwa kwa kipimo cha kikombe unatoa mililita zake, na kila kipande kinaweza kulinganishwa na sehemu yake kwenye picha ya MRI.