Gitaa la Umeme Bila Kumsumbua Jirani: Jinsi ya Kuchagua Amplifaya Ndogo ya Hedifoni kwa Bei Nafuu

Gitaa la umeme, tofauti na gitaa la kawaida lenye sanduku wazi linalokuza sauti, mara nyingi huchongwa kwa ubao mzito usio na uwazi ndani, na kwa sababu hiyo nyuzi zake zinapopigwa hutoa mlio hafifu usiovuka chumba kimoja. Sauti ambayo wasikilizaji huijua huzaliwa katika amplifaya, yaani chombo kinachokuza ishara ndogo ya umeme hadi iweze kusukuma spika. Lakini amplifaya yenye spika kwa kawaida ni nzito, huhitaji umeme wa ukutani, na katika nyumba za kupanga ambamo vyumba hugawana kuta haiwezi kuwashwa usiku, ilhali kwa wengi wenye kazi au masomo usiku ndio wakati pekee wa mazoezi. Amplifaya ndogo ya hedifoni, inayotumia betri na kuingia mfukoni, iliundwa kutatua matatizo hayo. Makala haya yanaeleza jinsi kifaa hicho kinavyofanya kazi na vigezo vya kukichagua, kwa kuwa sifa zinazonadiwa zaidi na wauzaji si zile zinazoamua ubora wa mazoezi.

Chini ya nyuzi za gitaa la umeme hukaa pikapu, ambayo ni sumaku iliyozungushiwa maelfu ya mizunguko ya waya mwembamba wa shaba. Uzi wa chuma unapotetemeka juu yake huvuruga uga wa sumaku, na mvurugo huo huzalisha katika waya umeme mdogo unaofuata kila mtetemo wa uzi. Umeme huo hupimwa kwa milivolti, yaani sehemu za elfu za volti, na ni mara chache tu, mpigaji anapotumia nguvu, unapokaribia volti moja. Tena pikapu ina impidansi kubwa, neno linalotaja jumla ya ukinzani ambao saketi huuwekea umeme unaobadilika mwelekeo. Ili ishara yake isidhoofike, tundu linaloipokea hupaswa kuwa na impidansi kubwa zaidi, kwa kawaida omu milioni 1, wakati hedifoni nyingi za kawaida zina omu 32 tu. Ndiyo maana hedifoni zikichomekwa moja kwa moja kwenye gitaa huwa karibu kimya, na ndiyo maana gitaa likiunganishwa na tundu la maikrofoni la simu kwa waya mtupu hutoa sauti butu iliyopoteza ung'avu wake. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya amplifaya ya hedifoni ni kuipokea ishara bila kuidhoofisha, kisha kuipa nguvu ya kutosha kusukuma hedifoni.

Kazi ya pili haionekani kwa macho, nayo ndiyo hutenganisha kifaa kizuri na kibaya. Spika ya gitaa, ambayo mara nyingi ina kipenyo cha inchi 12, haipitishi sauti zote kwa usawa, bali huzipunguza sana zile zilizo juu ya hezi 5,000 hivi, kama kifumbu kinavyozuia machicha na kuliacha tui lipite. Hedifoni hazina tabia hiyo, kwani zimeundwa kupitisha sauti zote, za chini na za juu. Ishara ya gitaa ikipelekwa humo bila kuchujwa, hasa inapotumiwa distosheni, yaani mkwaruzo wa makusudi unaopatikana kwa kuikuza ishara kupita kiasi ambacho saketi inaweza kuhimili, masikio hupokea mlio mkali unaochosha baada ya dakika chache. Kifaa kilichoundwa vyema huwa na sehemu inayoiga spika na sanduku lake, na mnunuzi anayeuliza swali moja tu dukani na aulize kama sehemu hiyo imo.

Jambo hilo lilitambuliwa mapema na Tom Scholz, mhandisi aliyesoma katika chuo cha MIT nchini Marekani, akafanya kazi katika kampuni ya Polaroid, kisha akawa kiongozi wa bendi ya Boston, ambayo albamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1976. Mwaka 1982 kampuni yake ilianza kuuza Rockman, kisanduku cha kuning'iniza kiunoni kilichotumia betri, kilichokuwa na saketi ya kuchuja sauti kama spika, pamoja na mwangwi na madoido ya korasi, yaani yale yanayolifanya gitaa moja lisikike kama mawili yanayopigwa pamoja. Ingawa kilikusudiwa kwa mazoezi ya hedifoni, wanamuziki waligundua kwamba sauti yake ilifaa hata kurekodiwa, na bendi ya Uingereza ya Def Leppard iliitumia katika albamu ya Hysteria ya mwaka 1987. Historia hiyo ni ushahidi kwamba udogo wa kifaa haulazimishi unyonge wa sauti, mradi saketi yake imeundwa na mtu anayelielewa gitaa.

Vifaa vinavyopatikana leo vinaweza kugawanywa katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni la vifaa vya analojia, ambavyo huikuza na kuichuja ishara kwa saketi ya kawaida bila kuigeuza kuwa tarakimu. Mfano unaojulikana zaidi ni amPlug wa Vox, kisanduku chepesi chenye plagi yake chenyewe inayochomekwa moja kwa moja kwenye gitaa bila waya, kinachotumia betri mbili ndogo za AAA zinazodumu kwa saa nyingi za mazoezi. Kila toleo huiga aina moja ya amplifaya: lipo linaloiga AC30 ya Vox, iliyopata umaarufu mkubwa Uingereza katika miaka ya 1960, lipo la sauti safi, lipo la roki nzito na lipo la gitaa la besi. Bei yake kwa kawaida imekuwa kati ya dola 40 na 60 za Marekani, kabla ya kuongeza usafirishaji na ushuru.

Kundi la pili ni la vifaa vya dijitali, ambavyo huigeuza ishara kuwa tarakimu, hukokotoa tabia ya amplifaya na spika kwa kompyuta ndogo iliyo ndani, kisha huirudisha kuwa sauti. Humo mna Mustang Micro wa Fender, Mighty Plug wa NUX na Katana:Go wa Boss. Vifaa hivi hubeba aina nyingi za amplifaya na madoido, huchajiwa kwa waya wa USB kama simu, na baadhi hurekebishwa kwa programu ya simu. Vile vinavyojulikana zaidi huuzwa kwa dola 100 au zaidi, ingawa viwanda vya China hutengeneza vingine vya kuchajiwa, kama Rushead wa Valeton, kwa bei iliyo karibu na nusu ya hiyo au chini yake. Udhaifu wa vifaa vya dijitali ni kwamba betri ya ndani huchoka baada ya miaka kadhaa na si rahisi kuibadilisha, ilhali betri za AAA hupatikana katika duka lolote la mtaani.

Wingi wa aina za sauti haupaswi kumvutia mnunuzi kupita kiasi. Mpigaji wa muziki wa dansi wa Tanzania, wa benga ya Kenya au wa rumba ya Kongo, ambaye gitaa lake la solo au la ridhimu hutaka noti zinazosikika moja moja bila mkwaruzo, hufaidika zaidi na sauti moja safi na mwangwi mdogo kuliko na aina kumi za distosheni. Kwake kifaa cha analojia cha sauti safi ni chaguo la busara, wakati mpigaji wa roki au wa bendi ya kanisa inayobadilisha mitindo kila wimbo ana sababu ya kulipia kifaa cha dijitali. Kilicho muhimu kwa wote wawili ni tundu la kuingizia muziki, ambalo huandikwa AUX, au Bluetooth inayofanya kazi hiyo hiyo, kwa kuwa huwezesha wimbo ulio kwenye simu kusikika pamoja na gitaa. Kujifunza kwa kufuatisha wimbo ndiyo shule iliyowalea wapigaji wengi wa ukanda huu.

Hata hivyo, Bluetooth ya kuleta wimbo isichanganywe na hedifoni za Bluetooth. Teknolojia hiyo hubana sauti kabla ya kuirusha, na kazi hiyo mara nyingi huichelewesha kwa milisekunde 100 hadi 200 au zaidi. Mtu anayesikiliza tu haoni tofauti, lakini mpigaji huanza kuhisi ucheleweshaji wa milisekunde kumi na kitu. Katika wimbo wa mapigo 120 kwa dakika, noti inayochukua robo ya pigo, ambayo ni ya kawaida katika sebene ya rumba ya Kongo, hudumu milisekunde 125, na hivyo anayetumia hedifoni hizo husikia noti moja wakati kidole chake tayari kiko kwenye nyingine. Hedifoni za waya ndizo zinazofaa. Zilizo bora kwa kazi hii ni zile zinazofunika sikio lote, zenye omu kati ya 32 na 80, kwa kuwa zile za studio zenye omu 250 huhitaji volti ambazo vifaa vingi vya betri havitoi. Plagi yake iwe ya milimita 3.5, kwa kuwa tundu la vifaa hivi huwa la ukubwa huo, na ile nene ya milimita 6.35 hutumika upande wa gitaa.

Asiye na uwezo wa kununua kifaa kipya hajafungiwa mlango. Fundi wa redio anaweza kuunda amplifaya ndogo kwa kutumia chipu ya LM386, ambayo ni ya bei ndogo sana na hufanya kazi kwa betri ya volti 9. Kwa kuwa impidansi ya kuingilia ya chipu hiyo ni omu 50,000 tu, fundi hupaswa kuitanguliza kwa transista moja ya aina ya JFET ili gitaa lisipoteze ung'avu, kisha aweke kichujio cha kupunguza sauti kali na kipingamizi cha kulinda masikio.

Ulinzi huo ni wa lazima, kwani sauti iliyo ndani ya hedifoni haina jirani wa kuilalamikia. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba mtu mzima asisikilize sauti ya desibeli 80 kwa zaidi ya saa 40 kwa wiki, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda huo hupungua kwa nusu, hivi kwamba desibeli 90 huruhusu saa 4 tu kwa wiki nzima. Mpigaji azungushe kitufe cha sauti hadi sifuri kabla ya kuvaa hedifoni, apandishe taratibu, na apumzike kila baada ya muda.

Kwa mwanafunzi mwenye dola 80 hivi, mgawanyo unaofaa ni kutumia nusu kwa kifaa sahili chenye mwigo wa spika na tundu la AUX, na nusu kwa hedifoni za waya zilizo imara, kwa maana hedifoni duni huharibu sauti ya kifaa chochote, hata cha bei kubwa. Kabla ya kulipa, na akichomeke kwenye gitaa lake mwenyewe, asikilize sauti safi kwanza kisha distosheni, ahakikishe masikio yote mawili yanasikia, na anyamazishe nyuzi ili ajue kiasi cha mvumo unaobaki. Kifaa kinachofaulu majaribio hayo kinatosha kwa miaka ya kwanza ya kujifunza, na fedha zitakazopatikana baadaye ni bora zitumike kwa nyuzi mpya na ada ya mwalimu.