Lilongwe: mji mkuu uliopimwa kwa kamba, na njia iendayo Dzaleka

Mgeni aingiaye Lilongwe kwa mara ya kwanza huutafuta mji asiuone. Tulikuja kwa njia ya kaskazini, yaani barabara kuu ya M1 ishukayo kutoka mpaka wa Songwe kupitia Karonga, Mzuzu na Kasungu. Tukavipita viwanda vya Kanengo na maghala ya tumbaku, ikafuata miti, zikafuata nyumba, kisha miti tena. Tulipomwuliza dereva mji uko wapi, alicheka, akatujibu kwamba tumo ndani yake tangu robo saa iliyopita.

Sababu ya hali hiyo ni historia. Mwanzoni mwa karne ya 20 Lilongwe ilikuwa boma dogo la kikoloni kando ya mto wenye jina hilo hilo, katika tambarare yenye rutuba iliyo kiasi cha meta 1,000 juu ya usawa wa bahari. Makao makuu ya utawala tangu mwaka 1891 yalikuwa Zomba, mji mzuri ulioegemea mlima, lakini usio na nafasi ya kukua. Biashara nayo ilikuwa Blantyre. Hivyo kusini kulikuwa na kila kitu, na sehemu nyingine za nchi hazikuwa na kitu. Malawi ilipopata uhuru tarehe 6 Julai 1964, Dakta Hastings Kamuzu Banda, mwenyeji wa Kasungu katika Mkoa wa Kati, alitangaza kwamba mji mkuu utahamia Lilongwe.

Waingereza walikataa kutoa fedha, wakisema mradi huo hauna faida. Banda aligeukia kwa makaburu wa Afrika Kusini, akapata mkopo mwaka 1968, na mwaka huo huo likaundwa shirika la kuustawisha mji mkuu mpya. Sisi wa nchi zilizokuwa mstari wa mbele katika ukombozi tulilitazama jambo hilo kwa uchungu, na hatuoni haya kulisema hata leo: mawe ya kwanza ya mji huu yana mkono wa Pretoria. Serikali ilihamia rasmi mwaka 1975. Hapa nyumbani TANU ilikata shauri la kuhamia Dodoma mwaka 1973, na mwaka 2016 ndipo msafara wa Serikali ulipoanza kuhama kwa dhati. Hata hivyo tusiwasifu jirani zetu kupita kiasi, kwa sababu Bunge lao lenyewe lilibaki Zomba hadi mwaka 1994.

Waliouchora mji huo waliupima kwa kamba. Waliugawa katika maeneo, kila eneo likapewa namba mahali pa jina: Area 3, Area 18, Area 47, na kuendelea hadi kupita hamsini. Namba hizo hazifuatani kama zinavyofuatana nyumba za mtaa. Mtu aweza kutoka eneo la 18 akadhani jirani yake ni la 19, akatembea hadi jua likamzamia. Sisi tuliofunzwa kusoma ramani katika chuo cha maofisa tulipotea mara mbili siku ya kwanza. Tuliwahurumia polisi wa doria wanaoitwa usiku kwenda kwenye tukio.

Baina ya mji mkongwe na kitovu kipya cha Serikali waliacha msitu kando ya mto Lingadzi, ukawa hifadhi ya wanyama. Fisi hutembea mjini usiku, na wenyeji hawashangai. Msitu huo ndio unaomfanya mgeni adhani ameutoka mji ilhali yumo katikati yake. Sensa ya mwaka 1977 ilihesabu watu wasiofika 100,000. Ile ya mwaka 2018 ilihesabu 989,318, na Blantyre ikawa imeachwa nyuma.

Kwa majengo makubwa mji una mengi ya kutazama. Liko Bunge jipya lililokamilika mwaka 2010 kwa msaada wa China. Liko kaburi la Banda, aliyefariki mwaka 1997, lenye nguzo na picha yake. Uko mnara wa kumbukumbu ya askari waliokufa katika vita kuu, wengi wao wa King's African Rifles, kikosi ambacho babu zetu na babu zao walikitumikia wakiwa chini ya bendera ya mtu mwingine. Tulisimama hapo tukatoa heshima. Tena liko jumba la Ikulu. Ujenzi wake ulichukua miaka 20 na kumeza mamilioni ya dola, nalo lina vyumba kiasi cha 300. Lilipokwisha, mwaka 1995, Banda hakuwa tena madarakani. Aliyemfuata, Bakili Muluzi, alikataa kukaa ndani yake, Wabunge wakaligeuza ukumbi wao, na mwaka 2004 rais aliyefuata akawataka watoke.

Msomaji aliye askari atapenda kujua jambo jingine lililotokea katika mitaa hiyo. Chama kilichotawala kilikuwa na jeshi lake la vijana, Malawi Young Pioneers, lililokuwa na silaha na lisilojibu kwa mtu ila wakubwa wa chama. Mwanzoni mwa Desemba 1993, baada ya askari wa jeshi la taifa kuuawa Mzuzu, wenzao walitoka kambini wakazivamia kambi za vijana hao nchi nzima, Lilongwe ikiwamo, wakawanyang'anya silaha. Operesheni hiyo iliitwa Bwezani, maana yake rudisheni.

Njia za usafiri za Lilongwe zimefuata vita na amani za majirani. Reli ilitoka Salima ikafika Lilongwe mwaka 1979, ikasogea hadi Mchinji mpakani mwa Zambia. Kwa kupitia Msumbiji inafika bandari ya Nacala. Katika miaka ya 1980 RENAMO waliikata njia ya bandari, mizigo ya Malawi ikabidi izunguke, mingine ikipandishwa Karonga na Mbeya hadi Dar es Salaam. Askari wa Malawi walipelekwa Msumbiji kuilinda reli ya Nacala mwaka 1987, wakati ambapo askari wetu pia walikuwa Zambezia. Uwanja wa ndege wa kimataifa, ulioanza kutumika katika miaka hiyo hiyo, uko Lumbadzi, mwendo wa kilometa zaidi ya 20 kaskazini. Ndani ya mji mtu wa kawaida hupanda basi dogo, au baiskeli ya abiria iitwayo kabaza.

Basi dogo hilo ndilo lililotushusha Tsoka, katika mji mkongwe, karibu na mto. Tsoka kwa Kichewa ni bahati mbaya, na hatukupata mtu wa kutueleza kwa nini soko likaitwa hivyo. Hapa hapana kamba wala namba. Mitumba, ambayo wao huiita kaunjika, imerundikwa hadi ukingoni mwa maji, na juu ya mto vijana wamejenga madaraja ya miti wakitoza senti chache kwa kila avukaye. Katikati ya kelele za Kichewa tulisikia Kiswahili.

Msemaji alikuwa fundi cherehani wa makamo, mtu wa Rutshuru, Kivu ya Kaskazini. Alikuwa akichagua nyuzi na zipu. Alitusikia tukizungumza akageuka: "Munatoka Tanzania, baba?" Tulipokiri, alitoa mkono. Akatueleza kwamba anaishi Dzaleka, kiasi cha kilometa 45 kutoka hapo, katika wilaya ya Dowa, na kwamba ana karatasi ya ruhusa ya siku moja mfukoni. Aliitoa akatuonyesha kabla hatujaiuliza. Mtu afanyaye hivyo amekwisha kuulizwa mara nyingi.

Dzaleka ilikuwa gereza. Wakati wa Banda walifungwa humo watu wa siasa, na jina lake hutafsiriwa "sitarudia tena". Mwaka 1994 ikageuzwa kambi ya wakimbizi wa Rwanda, Burundi na Kongo. Ilikusudiwa watu kiasi cha 10,000, na sasa inao zaidi ya 50,000. Kiswahili ni lugha ya soko lake. Redio yake yaitwa Yetu, na tamasha lililoanzishwa mwaka 2014 na mkimbizi mshairi laitwa Tumaini, nalo huwavuta maelfu kutoka Lilongwe. Lakini sheria ya nchi humtaka mkimbizi akae kambini. Mwaka 2023 Serikali iliamuru wote waliofungua maduka mijini warudi, na mwezi Mei polisi wakawakamata majumbani na madukani, wengine pamoja na watoto wao. Baadhi yao walipitia gereza la Maula. Si kazi yetu kuihukumu sheria ya jirani, na polisi aliyepewa amri huitekeleza. Tunaona tu kwamba kumkamata mwenye duka ni kazi moja, na kumlaza mtoto gerezani ni nyingine.

Fundi yule alipojua kazi yetu alinyamaza kidogo. Alikwisha kutoka kwao mwaka 2013, wakati Brigedi ya Umoja wa Mataifa yenye askari wa Tanzania, Malawi na Afrika Kusini ilipowapiga M23 hadi wakashindwa mwezi Novemba. Habari hiyo aliipata akiwa njiani, akafurahi. Mwezi Januari 2025 alisikia Goma imetekwa, wakati askari wa nchi hizo hizo tatu walikuwapo tena, safari hii chini ya SADC.

"Muliwafukuza," akatuambia, bila ukali. "Sasa, baba, mimi narudi lini?"

Hatukuwa na jibu. Tulimwuliza zipu zile ni za nini. Akasema ni za sare za watoto wa shule, na kwamba hana budi kuondoka, kwa kuwa ruhusa yake huisha jioni. Tulimsindikiza hadi kwenye basi dogo liendalo Dowa. Alikaa nyuma, kifurushi mapajani, na ile karatasi mkononi.