Kusikiliza miamba: upimaji wa mitetemo unasema nini, na hausemi nini

Ukisafiri kwa barabara ya lami kutoka Bagamoyo hadi Msata, umbali wa kilometa 64, unapita mananasi ya Kiwangwa, mihogo na mikorosho. Ukifika Msata na kugeuka kusini kuelekea Lugoba, unakuta machimbo ya mawe magumu yanayopondwa kuwa kokoto. Mawe hayo ni ya kale sana, nayo hayaishii Lugoba. Yanashuka kuelekea baharini, na chini ya pwani yamefunikwa na matabaka ya mchanga, udongo wa mfinyanzi na chokaa yenye unene wa kilometa kadhaa. Matabaka hayo ndiyo yanayowavuta watafutaji wa mafuta na gesi.

Watafutaji wanapopita vijijini na magari na nyaya zao, maneno huwa mengi. Wengine husema mafuta yamepatikana. Wengine huanza kuuza mashamba, au kuyanunua. Ni vizuri tuelewe kazi hii ili tusidanganyike.

Kugonga na kusikiliza

Mama akitaka kujua kama mtungi una maji, huugonga na kusikiliza. Upimaji wa mitetemo hufuata njia hiyo hiyo. Njia hii ilijaribiwa mwaka 1921 huko Oklahoma, Marekani, na tangu hapo imeenea duniani kote. Kazi huenda hivi:

1. Wapimaji hufyeka mkuza, yaani njia nyembamba iliyonyooka, ambao huweza kupita porini na mashambani.

2. Hupanga vinasa mtetemo ardhini kwa mstari mrefu. Hivi ni vifaa vidogo vinavyosikia mtikisiko ambao binadamu hawezi kuusikia.

3. Hutikisa ardhi. Huchimba mashimo membamba na kulipua baruti ndani yake, au hutumia gari zito lenye bamba linalotetemesha ardhi.

4. Mtetemo hushuka. Kila unapokutana na tabaka la aina nyingine, sehemu yake hurudi juu kama mwangwi, na sehemu nyingine huendelea chini.

5. Vinasa huandika muda ambao kila mwangwi umetumia kwenda na kurudi.

Tuchukue mfano. Mwangwi umerudi baada ya sekunde 2, na mtetemo ulikwenda kwa wastani wa meta 3,000 kwa sekunde. Umesafiri meta 6,000 kwa jumla. Kwa kuwa ulikwenda na kurudi, tabaka liko kwenye kina cha meta 3,000.

Kompyuta hukusanya maelfu ya miangwi ya namna hii na kuondoa kelele za upepo, magari na nyayo za mifugo. Mwishowe hutoa picha inayofanana na mkate uliokatwa kwa kisu: tabaka juu ya tabaka, mahali palipopinda na mahali palipovunjika. Mikuza mingi ikikatizana, wataalamu huweza kuchora ramani ya eneo zima.

Picha si mafuta

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Mafuta hayakai kama ziwa chini ya ardhi. Hukaa ndani ya vitundu vidogo vya mwamba, kama maji ndani ya sifongo. Ili yapatikane, mambo manne lazima yakutane: mwamba uliobeba mabaki ya viumbe vya kale na kupata joto la kutosha kuyageuza, mwamba wenye vitundu vya kuyahifadhi, mwamba mzito juu yake usioruhusu yapenye, na umbo la kuyanasa, kama bakuli lililofunikwa.

Upimaji wa mitetemo huonyesha vizuri umbo la bakuli. Kilichomo ndani yake ni jambo jingine. Wakati mwingine gesi hubadilisha nguvu ya mwangwi, lakini dalili hiyo nayo huweza kudanganya. Uthibitisho huja kwa kuchimba kisima, na visima vingi huchimbwa bila kupata kitu cha kuuza.

Historia ya pwani yetu inathibitisha hayo. Kati ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, BP na Shell zilichimba visima Mafia, Unguja na Pemba. Hazikupata mafuta ya kibiashara. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, lakini ilianza kuzalishwa kwa matumizi ya Dar es Salaam mwaka 2004, miaka 30 baadaye. Karibu zaidi na sisi, katika kitalu cha Ruvu mkoani Pwani, mkataba na kampuni ya Dodsal ulisainiwa mwaka 2007. Baada ya upimaji, kilichimbwa kisima cha Mambakofi, na mwaka 2016 ulitangazwa ugunduzi wa gesi inayokadiriwa kuzidi futi za ujazo trilioni 2. Kutoka mkataba hadi tangazo ilikuwa miaka 9. Anayeuza shamba kwa sababu ameona nyaya zikipita anauza kwa uvumi tu.

Wapimaji wakija kijijini

Kwa sheria ya Tanzania, mafuta na gesi ni mali ya taifa, hata yakiwa chini ya shamba lako. Lakini mazao, miti na nyumba ni vyako, na Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 inatambua haki ya kulipwa fidia vinapoharibiwa. Kwa hiyo:

• Ombeni mkutano mkuu wa kijiji kabla kazi haijaanza. Wageni waonyeshe kibali na ramani ya mikuza.

• Hesabuni mazao pamoja na mthamini kabla hayajafyekwa. Kila mwenye shamba, mwanamke kwa mwanamume, abaki na nakala ya fomu aliyosaini.

• Ulizeni baruti italipuliwa umbali gani kutoka kwenye nyumba, visima vya maji na makaburi.

• Mashimo yafukiwe, mifugo na watoto wasije wakatumbukia.

• Waya au kifaa kilichosahaulika kisiguswe. Toeni taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji mara moja.

Maswali ya kujadili kikundini

• Je, kijijini kwetu nani anatunza nakala za fomu za fidia?

• Mtu akitaka kununua shamba lako kwa haraka, utamwuliza nini kwanza?

• Tutawezaje kuwaeleza vijana tofauti kati ya kupima, kuchimba na kuzalisha?